Matembezi ya Familia Nakuru: Kutoka Karamu za Walowezi hadi Basi la Shule

Matembezi ya familia mjini Nakuru, yale ya kuondoka asubuhi na watoto wadogo na kurudi jioni, ni desturi changa kuliko vivutio vyenyewe. Ziwa, shimo la Menengai na vilima vya kale vilikuwepo kabla ya mji kuwa na jina kwenye ramani. Lakini desturi ya baba na mama kufunga chakula, kuwavalisha watoto nguo za sikukuu na kwenda kutazama tu, pasipo haja ya soko, ibada wala ukoo, ililetwa na reli. Kwa zaidi ya nusu karne ilibaki ya watu wachache. Iliyoieneza baadaye, kuliko barabara na kuliko matangazo ya utalii, ni shule: katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa la kati mtoto ndiye aliyeanza kuona kifaru au heroe, kisha akarudi kuwasimulia wazazi ambao hawakuwahi kuvuka lango la mbuga.

Kabla ya reli, bonde hili lilikuwa malisho ya Wamaasai, na kabla yao waliishi humo watu wanaokumbukwa kwa jina la Wasirikwa, waliochimba mashimo ya kufugia ng'ombe ambayo mabaki yake yanaonekana hadi leo. Menengai haikuwa mahali pa matembezi. Kwa masimulizi ya Wamaasai, katika vita vya karne ya 19 Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak na kuwasukumia wengi shimoni, na moshi unaofuka chini ni roho zao zinazotafuta njia ya kutoka. Hadithi hiyo husimuliwa sasa kwa watoto waliosimama ukingoni na soda mkononi. Zamani ilikuwa sababu ya kupakwepa.

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kuzunguka stesheni. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai wengi kutoka bondeni hadi Laikipia, na ardhi yao ikagawiwa walowezi, akiwamo Lord Delamere aliyeanza kilimo Njoro. Nakuru ikawa mji mkuu wa wakulima hao: mahali pa kuuzia nafaka, kutengenezea plau, kwenda benki na kunywa hotelini. Familia zao zilikuja mjini kwa mikokoteni ya maksai, kisha kwa magari. Siku yenyewe iligawanyika: baba kwa shughuli za shamba, mama na watoto madukani, na jioni karamu ya nyasini kandokando ya ziwa au juu ya Menengai. Kando ya blanketi alikaa yaya Mwafrika. Huyu pengine ndiye Mwafrika wa kwanza kushiriki matembezi ya aina hii Nakuru, ila alikuwa kazini, na watoto aliowatembeza hawakuwa wake.

Kwa Waafrika wenyewe mji ulikuwa na milango mingi iliyofungwa. Kipande, hati ya utambulisho iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu vya Kwanza, ilimfanya mwanamume aulizwe anatoka wapi na ana kibarua cha nani. Makazi yalitengwa: Wazungu Milimani, Wahindi karibu na maduka yao, Waafrika Bondeni na katika nyumba za reli. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, 1952 hadi 1960, vikwazo vilizidi, hasa kwa Wakikuyu, na kutoka shamba moja la mlowezi kwenda jingine kulihitaji kibali. Hakuna desturi ya kutembeza watoto inayoweza kuota katika mazingira hayo. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kusafiri alikwenda kwao, kuona wazazi, kuzika au kuoa, na watoto walifuatana naye kwa sababu hizo. Familia za Kihindi zilikuwa na nafasi kidogo zaidi. Kama katika miji mingine ya Afrika Mashariki, Jumapili alasiri zilijipakia garini, zikaegesha mahali penye upepo mzuri, na watu wakala mahindi ya kuchoma na muhogo bila hata kwenda mbali na gari.

Mlango wa mwanzo kufunguka kwa umma mpana ulikuwa maonyesho ya kilimo. Chama cha kilimo kilichoanzishwa na walowezi mwaka 1901 ndicho kilichozaa chama kinachoandaa maonyesho ya Kenya hadi sasa, na Nakuru, kwa kuwa kitovu cha ngano, maziwa na pareto, ilikuwa na uwanja wake. Hapo awali ng'ombe wa daraja la juu walionyeshwa na wenye mashamba huku wachungaji wao wakishika kamba. Baada ya uhuru mwaka 1963 uwanja ulijaa watu wa kila namna. Kwa mkulima mdogo aliyepata ekari chache katika mashamba yaliyogawiwa upya, kwenda "shoo" hakukuwa anasa: alikwenda kuona mbegu na mashine, na kwa kuwa alikwenda, watoto nao walikwenda. Wakaona fahali mkubwa kuliko nyumba ya kuku, bendi ya polisi, farasi, kwaya za shule na bembea za kuzunguka. Kwa watoto wengi wa Subukia, Molo, Njoro na Bahati, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza mjini yenye starehe, na maonyesho ya Nakuru yaliendelea kuwa kilele cha mwaka hata vivutio vingine vilipoongezeka.

Wakati huohuo mahali pengine palikuwa pakiandaliwa kimyakimya. Karibu na barabara ya Nairobi, kilomita chache kutoka katikati ya mji, kuna kilima cha mawe kinachoitwa Hyrax Hill kwa sababu ya pimbi walioishi katika nyufa zake. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua mwaka 1926 alipokuwa akichimba makaburi ya kale karibu na Nakuru, na mkewe Mary akachimba kilimani mwaka 1937 na 1938. Yalipatikana makaburi ya wafugaji wa Enzi ya Mawe ya mwisho, vyombo vya mawe, vyungu, na mashimo ya Wasirikwa. Mwaka 1943 kilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, na 1965 kikafunguliwa kwa umma, jumba la makumbusho likiwa ndani ya nyumba ya zamani ya shamba. Hapa ndipo mahali panapofaa kabisa kwa watoto wa miaka minne au mitano, ingawa hapajawahi kuwa na umaarufu wa mbuga. Mwendo ni mfupi, hakuna mnyama wa kuogopwa, na mawe yamechongwa vishimo vya bao ambavyo mtoto huvitambua mara moja na kuanza kutafuta kokoto. Juu kabisa ziwa huonekana lote. Mwongozaji huwaeleza wageni kwamba maelfu ya miaka iliyopita, maji yalipokuwa juu zaidi, kilima hiki kilikuwa kando ya ziwa lenyewe.

Ziwa lina historia ndefu ya kuchezewa na watu. Maji yake ni ya magadi na hayakuwa na samaki. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliletwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi ili wale viluwiluwi vya mbu. Walizaana, na nyuma yao wakaja wari kwa maelfu, ndege ambao mtoto wa leo huwaona kama wenyeji wa tangu mwanzo. Heroe, ambao Nakuru kila mtu huwaita flamingo, walikuwepo kwa sababu nyingine: mwani mdogo wa rangi ya buluu-kijani unaostawi katika magadi, ambao heroe wadogo huuchuja kwa mdomo uliopinda. Katika miaka mizuri walifika zaidi ya milioni moja, na ukingo mzima wa ziwa ukawa wa waridi.

Sehemu ya ziwa ilifanywa hifadhi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1968 ikatangazwa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Mwaka 1974 eneo liliongezwa, kwa msaada wa shirika la WWF katika kununua mashamba ya kusini, na katika miaka hiyohiyo wakaletwa twiga wa Rothschild kutoka upande wa Soy, karibu na Eldoret, ambako mashamba yalikuwa yakiwabana. Kisha ukaja uamuzi uliobadilisha kila kitu: mbuga yote ilizungushiwa uzio wa umeme, ukakamilika mwaka 1987, ili vifaru weusi waliokuwa wakimalizwa na majangili wakusanywe mahali pamoja na kulindwa. Vifaru weupe nao wakaletwa baadaye. Wapo wanaolalamika kwamba uzio uliifanya mbuga ifanane na bustani kubwa ya wanyama, na lawama hiyo haikosi msingi. Lakini kwa familia yenye watoto wadogo na saa sita tu za kutembea, uzio ndio uliofanya siku iwezekane. Mbuga ina kilomita za mraba 188, ziwa likiwamo, na lango liko karibu na mitaa ya mji. Mtoto anaweza kuona kifaru, nyati, twiga na pundamilia kabla ya saa ya chakula cha mchana, jambo ambalo katika mbuga ya Tsavo mtu haahidiwi.

Mwaka huohuo wa 1968 vilianzishwa Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, harakati ya wanafunzi wa sekondari iliyokuwa ya kwanza ya aina yake barani. Vilabu hivyo vilikuwa na hosteli ndani ya mbuga ya Nakuru, na vikundi vya wanafunzi vikaanza kulala humo. Shule za msingi zikafuata, na hatimaye chekechea. Ziara ya shule ikawa na utaratibu wake: barua kwa wazazi, pesa zinazolipwa kidogokidogo tangu muhula uanze, basi lililonunuliwa kwa harambee au kukodishwa, mkate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni (hadi Kenya ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017), nyimbo njia nzima, na mwalimu akihesabu vichwa kila mara watoto wanaposhuka. Kwa shule za Nyandarua, Kericho, Bomet, Baringo na Laikipia, Nakuru ilikuwa kwenye umbali unaofaa: kufika asubuhi, kuona mbuga, Menengai na mji, na kurudi kabla giza halijaingia.

Mtoto aliyerudi kutoka ziara hiyo alikuwa amejua jambo ambalo wazazi wake hawakulijua, na hilo lilikuwa na nguvu. Wazazi waliokulia katika Nyanda za Juu za Wazungu, eneo lililotengewa walowezi, walimjua mnyama wa mwituni kama adui wa shamba au kitu cha mzungu. Kulipa fedha ili kumtazama nyati, aliyewahi kumuua jirani, kulionekana wendawazimu. Ni katika kizazi kilichopanda basi la shule miaka ya 1970 na 1980 ambamo desturi ilishika mizizi: watoto wale walipokuwa wazazi wenye mshahara, waliwapeleka watoto wao mahali walikopelekwa na mwalimu, mara nyingi kwa mpangilio uleule, mbuga kwanza na Menengai baadaye.

Siku zenyewe zilifuata kalenda: Krismasi na siku inayofuata, Pasaka, Madaraka, Jamhuri, na wiki za likizo ya Agosti. Wasiokuwa na gari walikodi matatu kwa pamoja, majirani au wanachama, kwa maana matatu yenye watu kumi na wanne hugawa gharama hadi ikabebeka. Kikapu kilikuwa na chapati, kuku wa kukaanga, wali uliofungwa kwenye hotipoti, chai kwenye chupa na ndizi. Ndizi zilikuwa na hatari yake: nyani wa Ziwa Nakuru, hasa wale wa kwenye jabali linaloitwa kwa jina lao, wamejifunza kutambua mfuko wa chakula tangu zamani, na huingia hata dirishani. Wasioweza kulipa lango walibaki mjini. Nyayo Gardens ilikuwa na wapiga picha waliongojea familia, wakawapanga mbele ya maua, baba katikati na mtoto mdogo mbele, na picha ikachukuliwa baada ya siku chache. Albamu za sebuleni za miaka hiyo zinaonyesha familia za Nakuru waziwazi kuliko maandishi yoyote ya serikali.

Menengai ilikuwa ya bei nafuu siku zote. Kaldera hiyo ina upana wa kilomita 8 hivi kwa 12, na kuta zake hushuka karibu mita 485. Si mahali pa kumwachia mtoto mkono. Ukingoni palikuwa na nguzo yenye mishale ya kuonyesha miji ya dunia na umbali wake, na kwa wanafunzi wengi somo la jiografia lilipata maana hapo. Chini shimoni kuna mapango ambamo waumini huenda kufunga na kuomba kwa siku kadhaa, kwa hiyo kwenye njia moja hukutana familia ya matembezi na watu wa maombi, kila upande ukiona shughuli ya mwenzake kuwa ya ajabu. Tangu 2011 mitambo ya kuchimba mvuke imeingia, na umeme ukaanza kuzalishwa mwaka 2023. Moshi ule wa hadithi za Ilaikipiak sasa unalipiwa na kampuni ya usambazaji.

Upande wa Njoro, kasri la Lord Egerton lilichelewa sana kuingia katika orodha. Maurice Egerton, aliyeanzisha shule ya kilimo mwaka 1939 iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton, alianza kujenga kasri hilo mwishoni mwa miaka ya 1930, vita vikalichelewesha, na likakamilika 1954. Alifariki 1958 bila mke wala mtoto, na alijulikana kwa kuwakataza wanawake kukanyaga ardhi yake. Waongozaji husimulia kwamba alilijenga kumridhisha mwanamke aliyeidharau nyumba yake ya kwanza. Ukweli wa kisa hicho haujawahi kuwazuia kukisimulia. Leo viwanja vya mtu huyo hujaa maharusi, mama wenye watoto mgongoni na watoto wanaobingirika kwenye nyasi, na vyumba vyake zaidi ya 50 huhesabiwa kwa sauti na wanafunzi wa darasa la tatu.

Vituo vya pembeni vilikua taratibu zaidi. Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako Leakey alipata shoka za mkono za mawe mwishoni mwa miaka ya 1920, hubaki ziara ya walimu. Kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942 kwenye mteremko wa Mai Mahiu ni mahali pa kusimama dakika kumi. Bogoria, hifadhi tangu 1973, iko katika kaunti ya Baringo lakini hujazwa na watu wa Nakuru, na furaha yake kuu si heroe wala swala: ni mayai yanayochemshwa kwenye chemchemi za moto, yakifungwa kwenye kikapu au wavu na kutumbukizwa na mtu mzima, maana maji hayo yamewahi kuunguza wengi.

Hell's Gate, Naivasha, iliyofanywa mbuga mwaka 1984, ilileta namna tofauti ya kutembea. Huko watu huruhusiwa kuingia kwa miguu na baiskeli, na vijana wa langoni wakajenga biashara ya kuzikodisha, za watoto zikiwemo. Wachoraji wa kampuni ya Disney walitembelea majabali yake walipokuwa wakiandaa filamu ya simba ya mwaka 1994, na wazazi waliokua wakiitazama filamu hiyo huwaonyesha watoto majabali hayo kana kwamba ni mahali pa kweli pa hadithi. Genge lake jembamba lina hatari: mafuriko ya ghafla, yanayoletwa na mvua iliyonyesha mbali bila tone kuanguka hapo, yaliua watembezi mwaka 2012 na tena Septemba 2019, na baada ya hapo genge likafungwa.

Tangu 2010 maziwa ya bonde yamekuwa yakipanda, na Nakuru imeathirika kuliko watu walivyotarajia. Ziwa lililokuwa na takriban kilomita za mraba 40 lilipita 60 kufikia 2020. Lango kuu na ofisi za zamani zilifunikwa, barabara ya kuzunguka ziwa ikakatika, migunga ikafa imesimama majini, na mitaa ya jirani ikapoteza nyumba. Magadi yalipopungua makali, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na vijiziwa vingine. Mzazi aliyeahidi waridi alilazimika kueleza maji matupu. Samaki wakubwa wakaonekana, na uvuvi usioruhusiwa ukafuata. Watoto waliozaliwa baada ya hapo huijua Nakuru kwa vifaru na simba, na heroe kwa picha za vitabuni na nembo za maduka, ingawa makundi madogo hurudi maji yanapokubali.

Mji wenyewe umeongeza mambo ya kuona. Nakumatt, iliyokuwa duka kubwa kabisa Kenya kabla ya kuanguka, ilianzia hapa kama duka la magodoro, na kwa miaka mingi kupanda ngazi za umeme na kusukuma toroli kulikuwa sehemu ya siku ya mtoto kutoka mashambani. Sasa kuna majumba ya maduka yenye bembea za sarafu, viwanja vyenye kasri za plastiki za kuruka, na mabwawa ya kuogelea ya hoteli yanayouza tiketi za siku. Reli ya kisasa ilifika Suswa, upande wa Naivasha, Oktoba 2019, na familia za Nairobi zikaijaza wikendi kwa safari yenyewe tu, kwenda na kurudi. Treni ya zamani kati ya Nairobi na Kisumu ilirejea Desemba 2021, ikisimama Nakuru, mwezi uleule ambao Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi mji hati ya kuwa jiji, la nne nchini.

Ubaguzi wa rangi ulikwisha kwenye lango, na nafasi yake ikachukuliwa na hesabu. Mkenya hulipa ada ndogo kuliko mgeni na mtoto hulipa pungufu zaidi, lakini gari, mafuta, chakula na malipo ya simu ya langoni hujumlika, na familia ya watu sita inayoishi Kaptembwo au Rhonda, mitaa inayotazamana na uzio, inaweza kumaliza mwaka bila kuingia. Kwao ziara ya shule bado ndiyo njia. Kila muhula mabasi ya manjano hupanga mstari mbele ya lango jipya, na walimu huanza kuhesabu vichwa.